UZI: Mitambo ya upepo baharini – meli iliyozimika injini itaelea kwenda wapi?

MchoraRamani (mwanzilishi wa uzi), Nairobi

Wadau, salaam.

Kila bei ya tokeni za umeme ikipanda, hakosi mtu wa kurusha ile ramani ya upepo wa Bahari Hindi kwenye magrupu. Mnaijua: kusini kule Diani rangi imepoa, ukipanda kuelekea Lamu na Kiunga inaiva nyekundu. Kisha swali ni lile lile, "Kama Turkana tuliweza, baharini tunangoja nini?"

Sipingi. Turkana imesimama mitambo 365 ya jumla ya megawati 310, na umeme wake unafika Suswa. Lakini mkumbuke na Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60 uliozikwa 2016 kwa sababu ya mvutano wa ardhi. Sisi wa Nairobi tukitazama bahari tunaona uwanja usio na hatimiliki. Wenyewe wapo, ila hawaketi mahali pamoja. Wanapita usiku na mchana na mizigo ya maelfu ya tani, na breki hawana.

Kazi yangu ni ramani, na nimechoka kuona mahali pa mitambo pakichaguliwa kwa rangi ya upepo peke yake. Acha niwape kisa kimoja.

Januari 31, 2022, dhoruba iliyopewa jina la Corrie ilipiga Bahari ya Kaskazini. Nje ya bandari ya IJmuiden, Uholanzi, meli ya shehena iitwayo Julietta D ilikuwa imetia nanga ikisubiri. Nanga ikashindwa kushika, meli ikaburutwa, ikagongana na meli ya tangi Pechora Star, maji yakaingia chumba cha injini. Mabaharia 18 wakaopolewa kwa helikopta. Hapo ikabaki meli tupu, haina mtu wala injini, inasukumwa na upepo hadi ndani ya Hollandse Kust Zuid, shamba la upepo lililokuwa linajengwa. Ikagonga nguzo ya msingi, kisha jukwaa la transfoma. Bahati ni kwamba mitambo yenyewe ilikuwa bado haijapandishwa juu ya nguzo. Mwisho meli za kuvuta zikaikamata, ikapelekwa Rotterdam.

Sasa angalieni. Julietta D haikuwa kwenye njia ya meli. Ilikuwa imetia nanga mahali pa kutia nanga. Ungechukua ramani ya njia za meli ukailaza juu ya ramani ya mitambo, ungesema hapa na pale haviingiliani, safi, piga muhuri. Ndiyo maana nasema swali la kwanza la kuchagua eneo si "meli hupita wapi?" Ni "meli ikizimika hapa, itaelea kwenda wapi, na nani atawahi kuikamata?"

Wenzetu wana vipimo. Mwongozo wa Uingereza wa 2021, MGN 654, unasema mitambo ikiwa chini ya nusu maili ya baharini kutoka njia ya meli, hatari hiyo haivumiliki. Kati ya nusu maili na maili 3.5 inavumilika, mradi uthibitishe kwamba umepunguza hatari kadiri inavyowezekana. Zaidi ya hapo, kwa kawaida hakuna ubishi. Waholanzi wao wanapiga hesabu kwa urefu wa meli: mara sita ya urefu, kwa sababu meli kubwa inahitaji karibu nafasi hiyo kugeuka mzunguko mzima, ujumlishe mita 500 za ukanda wa usalama, na upande wa kulia uongeze tena maili 0.3, kwa kuwa meli inayokwepa mwenzake hukwepa kulia. Meli ya mita 400 inahitaji kama maili 1.87 upande huo. Ya mita 300 inahitaji maili 1.5 na kidogo.

Hesabu hizo ni za meli iliyo hai, usukani unaitika. Meli iliyokufa ina hesabu yake. Tuseme inaelea noti 2, yaani maili 2 za baharini kwa saa. Mitambo ikiwa maili 2 upande wa chini ya upepo, yaani kule upepo unakoelekea, nahodha ana saa moja. Kutoka Kilindini, bandari ya Mombasa, hadi Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, ni zaidi ya maili 70 za baharini. Tagi, ile meli ya kuvuta, ikikimbia noti 12 bila kupumzika, ni karibu saa sita. Fanyeni hesabu wenyewe.

Jingine, halafu niwaachie. Ramani za njia za meli huchorwa kutokana na ishara za AIS, za kujitambulisha na kuonyesha mahali ilipo, ambazo meli kubwa hulazimika kurusha. Ukichukua za miaka ya maharamia wa Somalia, utaona bahari ya nje ya Kiunga nyeupe pee, kana kwamba hakuna mtu. Meli zilikuwa zinaikimbia! Eneo lililotangazwa kuwa la hatari kubwa katika Bahari Hindi liliondolewa rasmi Januari 1, 2023. Mwishoni mwa mwaka huo huo mashambulizi ya Bahari ya Shamu yakaanza, na meli za Suez zikageuza pua kwenda kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mitambo inasimama miaka 25 au 30. Ukiipanga kwa ramani ya mwaka mmoja, umeipanga kwa hali ya siasa ya mwaka huo.

Karibuni tubishane.

---

Tokeni_Imeisha

Mkuu umeandika vizuri, lakini huu naona ni woga wa kisomi. Meli siku hizi zina GPS, zina rada, zina hiyo AIS, na mitambo imepakwa rangi ya njano na kuwekewa taa. Mtu anayegonga mnara wa mita mia na zaidi mchana kweupe anataka tu. Tukiendelea hivi tutakaa na giza letu huku tukipima maili.

---

MchoraRamani

@Tokeni_Imeisha, wapo waliogonga. Aprili 2023 meli ya nafaka Petra L iligonga mtambo wa shamba la Gode Wind 1, pwani ya Ujerumani, ikaingia Emden na tundu ubavuni ambalo ungepitisha pikipiki. Haikuwa imezimika. Vyombo vyote ulivyovitaja vilikuwepo.

Rangi ya njano na taa ni kweli zipo. Utaratibu wa kimataifa unataka njano kuanzia usawa wa maji makuu kabisa hadi mita 15 juu, na mitambo ya pembeni iwe na taa ya kumweka inayoonekana kutoka maili 5. Hiyo inamsaidia aliye macho.

Na rada usiitegemee sana karibu na mitambo. Mnara ni chuma kitupu, unarudisha mwangwi mkali mno. Kwenye kioo unaona nukta za uongo, mnara mmoja unageuka watatu, nyingine zinatokea upande ambao hakuna kitu. Baharia anachofanya ni kupunguza nguvu ya kupokea ili kioo kitulie. Kioo kinatulia, ila anachofuta pamoja na uchafu ule ni mashua ya mbao iliyo kati yake na mitambo, kwa sababu mbao hairudishi mwangwi wa maana.

---

MwanaKibokoni

Assalaam aleikum jamaa wa bara. Nimefanya kazi kwenye tagi miaka yangu yote kabla ya kustaafu, basi niruhusuni niongeze chumvi.

Ndugu mwenye uzi, umesema meli inaelea noti 2 kwenda "chini ya upepo". Lakini chini ya upepo ni wapi? Bahari yetu hii haina upande mmoja. Kusi ikishika, upepo watoka kusini na kusini-mashariki na mkondo wapanda kaskazini, na mawimbi si ya mchezo. Meli ikizima nje ya Malindi wakati huo yasukumwa kuelekea pwani na kuelekea Lamu. Kaskazi ikiingia mambo yapinduka. Upepo watoka kaskazini-mashariki, na mkondo wa Somalia washuka kusini hadi kukutana na huu wetu upandao, huko huko baina ya Malindi na Lamu, kisha vyote viwili vyageuka kutoka nje baharini. Yaani pale pale ramani yenu imeiva nyekundu ndipo mikondo yapigana kumbo.

Kwa hivyo mitambo ukiiweka baina ya njia ya meli na nchi kavu, kusi yote iko chini ya upepo. Ukiiweka upande wa nje wa njia, kusi umepona, lakini umezisogeza meli karibu na mwamba. Ikizima moja, nafasi ya kuelea kabla ya kupanda mwamba umeipunguza wewe. Hakuna pahala pa bure.

Na la pili ni nanga. Kule Uholanzi bahari si kirefu, meli ikizima angalau yatupa nanga, ikishika imeshika. Hapa kwetu ukitoka nje ya mwamba hatua chache, kina charuka hadi mamia ya mita. Mnyororo wa meli kubwa ni mita mia tatu na kitu, nao huutoa mara kadhaa ya kina ndipo nanga ishike. Nje huko nanga ni pambo tu.

---

Tokeni_Imeisha

Haya mzee wangu, shikamoo. Lakini si ndiyo vizuri nanga isifike chini? Haitakata nyaya zilizolala chini ya bahari.

---

MwanaKibokoni

Marahaba mwanangu. Nyaya hupita pia pahala pafupi, hazina njia nyengine ya kufika nchi kavu. Mwaka 2012 mwezi wa pili, meli iliyokuwa ikingoja kuingia Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikakata waya wa TEAMS, ule wa intaneti upitao chini ya bahari. Nyinyi huko Nairobi mliujua ule mkasa kwa intaneti kuzorota, sisi tuliujua kwa kuiona meli. Sasa shamba la upepo si waya mmoja. Kila mtambo una waya wake wa kwenda kwa jirani, halafu wote wakusanyika kwenye transfoma na kutoka waya mkubwa wa kwenda bara. Hebu lichore hilo mbele ya mahali meli zinapongojea kuingia Kilindini.

---

MchoraRamani

Hapo mzee amenipa kitu ambacho hesabu zangu hazikuwa nacho, kwamba ukanda wa hatari una sura mbili kwa mwaka. Nimejaribu kuuchora jioni hii kwa upepo wa kusi peke yake, kisha wa kaskazi peke yake, nikailaza moja juu ya nyingine. Eneo linalobaki salama misimu yote miwili ni dogo sana kuliko nilivyodhani, na sehemu yake kubwa iko kwenye kina cha mitambo inayoelea.

Kwa wasiojua: nguzo za kuchomekwa chini hutumika hadi kina cha mita 60 hivi. Zaidi ya hapo mtambo unawekwa juu ya boya kubwa lililofungwa kwa minyororo. Scotland wanayo Hywind tangu 2017, mitambo mitano, megawati 30, kwenye kina cha mita 95 hadi 120. Inafanya kazi. Lakini kwa upande wa meli, minyororo ile hutawanyika chini ya maji mbali na mnara unaouona kwa macho.

---

Wakili_Ngara

Nipite haraka, nina mahakama kesho. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari mwaka 1989. Kifungu cha 60 kinaturuhusu kujenga mitambo kwenye ukanda wetu maalumu wa kiuchumi na kuizungushia eneo la usalama lisilozidi mita 500. Kifungu hicho hicho kinatukataza kuijenga pale itakapoziba njia za bahari zinazotambulika kuwa muhimu kwa safari za kimataifa. Kwa hiyo mita 500 ni kikomo cha eneo unaloweza kuwafungia watu. Si umbali wa kutosha kutoka njia ya meli. Nimewahi kukaa kwenye kikao hapa mjini ambapo vitu hivi viwili vilichanganywa toka mwanzo hadi chai ya saa nne.

Na kifungu hicho kinataka mitambo iliyoachwa iondolewe. Muulize mwekezaji pesa za kuondoa ziko akaunti gani.

---

Binti_wa_Kipini

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu amtaje mvuvi, nikaona mashua imetajwa mara moja tu, tena kama nukta iliyofutwa kwenye rada. Mimi ni wa Kipini, niko huku Nairobi kimasomo, na hiyo Ghuba ya Ungwana mnayoipigia hesabu ya tagi ndipo tunapokula.

AIS inalazimisha meli za tani 300 na zaidi zinazokwenda safari za kimataifa. Baba zetu wana mashua na madau. Kwenye ramani yako, kaka MchoraRamani, kijiji kizima kikiwa baharini usiku wa kuvua kamba hakuna kinachoonekana. Hakuna data haina maana hakuna watu.

Sasa tuseme mitambo imewekwa na wavuvi wamekatazwa kuingia. Hawataacha kuvua, watazunguka. Na njia ya kuzunguka ni kutokea nje, ambako ndiko mmesogezea meli zenu. Tayari tuna ugomvi wa miaka na meli zinazokokota nyavu kuvua kamba. Mtu akija kutuuliza, swali la kwanza tutakalomuuliza ni: tutaruhusiwa kupita katikati au la?

---

MchoraRamani

@Binti_wa_Kipini, hoja yako inagusa usalama wa meli moja kwa moja. Wapangaji wengi huiweka kwenye sura ya "jamii" mwishoni mwa ripoti, ilhali mashua ishirini zilizohamishiwa mbele ya meli ya makontena ni suala la kugongana.

Kuhusu kupita katikati, nchi hazifanani. Uingereza kwa jumla hairuhusu mradi kuwazuia watu kupita. Uholanzi ilifungua baadhi ya mashamba mwaka 2018 kwa vyombo visivyozidi mita 24, mchana tu, wala si kwa nyavu za kukokota chini. Ujerumani ni wakali zaidi. Marekani, pwani ya Massachusetts na Rhode Island, walinzi wa pwani walipendekeza mwaka 2020 mitambo yote ipangwe kwa safu zilizonyooka, mashariki-magharibi na kaskazini-kusini, maili moja ya baharini kati ya mtambo na mtambo. Mvuvi anajua akishika mstari atatokea upande wa pili, na helikopta ya uokoaji pia inapata njia. Wenye mitambo hulalamika kwamba safu hizo zinawapotezea upepo, kwa sababu mtambo wa mbele unamkinga wa nyuma. Waache walalamike.

---

Tokeni_Imeisha

Sawa, nimeshindwa kwa hoja. Lakini uzi wa kukosoa ni rahisi. Tuambie basi, WAPI?

---

MchoraRamani

Sitaweka nukta kwenye ramani, maana kesho itakuwa kwenye magrupu na bei ya viwanja Kipini itapanda. Ila nitasema ningeanzia wapi kutafuta.

Waingereza mwanzoni waliweka mashamba mengi juu ya mafungu ya mchanga. London Array, mitambo 175, megawati 630, iliyokamilika 2013, iko kwenye mdomo wa Thames katikati ya njia za meli zenye shughuli nyingi ajabu. Inawezekanaje? Kwa sababu imekaa juu ya mafungu. Meli kubwa ikipotea njia, mara nyingi itakwama mchangani kabla haijaufikia mnara. Kukwama ni hasara, lakini meli iliyokwama mchangani haiangushi mnara, wala mnara hautoboi tangi lake la mafuta.

Kwetu, ukanda wa maji ya kina kifupi ni mwembamba karibu pwani yote, isipokuwa pale Ungwana ambako unapanuka. Kwa meli, ndipo mahali penye mantiki. Lakini ndipo penye kamba wa akina Binti_wa_Kipini, ndege wa delta ya Tana, na matope ya mto. Kwa hiyo mahali panapoipa meli usalama zaidi ndipo panapomnyima mvuvi zaidi. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachagua shamba dogo, la safu zilizonyooka, lililo wazi kwa mashua, kwenye maji mafupi, kuliko shamba kubwa linaloelea nje ambako meli iliyozimika haina nanga wala tagi. Najua wanaopenda megawati watanuna.

Na ningeweka sharti: kabla mnara wa kwanza haujasimama, iwepo meli ya kuvuta yenye nguvu, imekaa tayari upande wa kaskazini. Waholanzi baada ya kisa kile wameongeza meli za namna hiyo kwenye mashamba yao. Lamu kuna bandari tangu 2021. Iwekwe pale.

---

Wakili_Ngara

Mlipaji?

---

MchoraRamani

Uholanzi inalipa serikali kupitia walinzi wa pwani. Kwetu ningeiandika kwenye leseni ya mwekezaji, iingie kwenye bei ya umeme tangu siku ya zabuni. Ikiachwa nje itakuja kuombewa bajeti ya ziada baada ya ajali.

---

MwanaKibokoni

Mwanangu, hapo kwenye tagi uwe makini na watakachokuletea. Tagi ya bandarini imetengenezwa kusukuma meli kwenye maji matulivu, ubavu wake ni mfupi. Ukiipeleka nje ya Lamu mwezi wa saba kusi imechacha, maji yatapanda sitahani na mabaharia hawataweza kusimama nyuma kufunga kamba. Na kufunga kamba ndiyo kazi yenyewe. Meli iliyokufa haina umeme, basi hata winchi ya kuvutia kamba yako juu haifanyi kazi. Watu waivuta kwa mikono, kamba nyembamba kwanza, halafu nene. Na kama mabaharia wameshaondolewa kwa helikopta kama ile ya Uholanzi, lazima umpandishe mtu wako juu ya meli inayoyumba. Kwa hivyo kwenye hiyo leseni msiandike "tagi" mkaishia hapo. Andikeni ya bahari kuu, nguvu yake ya kuvuta ni tani ngapi, na wafanyakazi wake wafanye mazoezi msimu wa kusi wala si Januari bahari imelala.

---

Binti_wa_Kipini

Na iwe na kijana wa Kipini au wa Pate ndani yake, anayejua mafungu yalipo. Hayo hayako kwenye ramani ya mtu.